Betri Zilizosahauliwa



Juma hili nilikaa kwenye benchi la fundi redio hapa Singida mjini. Akaingia kijana amepakata gari la rimoti la zamani: Grasshopper ya kampuni ya Tamiya ya Japani, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Alilipata kwenye mitumba, bodi imepasuka. Akachonga bodi nyingine kutoka kwenye dumu la mafuta ya alizeti, na tairi moja ya mbele akaiunda kwa ndala. Kazi ya mtu anayekipenda kitu! Lakini gari halikutembea, naye alikuja akiwa na uhakika kwamba mota imeungua.

Fundi aligusisha nyaya za mota kwenye betri. Ikazunguka vizuri. Ndipo akafungua rimoti. Ndani mlikuwa na betri kuukuu zilizovuja, zimeacha unga mweupe, na springi zimeota kutu ya kijani. Akachovya mswaki kwenye siki, akasugua polepole, akapitisha msasa. Springi moja ilikuwa imelika kabisa; akachomelea nyingine kwa risasi. Betri mpya zilipoingia, gari likakimbia katikati ya miguu yetu.

Gari lilikuwa zima muda wote.

Nimelitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa. Je, yuko mtu nyumbani mwako ambaye umeshasema hasikii, habadiliki? Labda ni ndugu mliyekosana wakati wa kugawana shamba la baba. Labda ni mwenzi wako, na neno alilolitamka zamani bado limo ndani yako, linavuja taratibu. Unamwita, haitiki. Je, yawezekana sauti yako ndiyo isiyofika, kwa sababu ya uchungu uliobaki unakoanzia wito wenyewe?

Sisemi kila ugomvi umeanzia kwako. Aliyepigwa hana deni la kumwomba radhi aliyempiga, na kusamehe hakumlazimu mtu kurudi mahali pa hatari. Nasema na sisi wengine, ambao jeraha letu lilishafunga ila kinyongo tunakitunza.

Usiogope ukikuta kutu ni nyingi. Mungu hana haraka na wewe. Husafisha kidogo kidogo, na palipolika kabisa huweka kipya. Wewe mpe nafasi tu, kwa sala fupi ya kila siku, ukilitaja jina la mtu huyo bila kumshitaki.

Fundi alimwagiza kijana atoe betri kila jioni anapomaliza kucheza. Mtume Paulo, katika Waefeso sura ya 4, anatuomba jambo la jinsi hiyo kuhusu hasira: isilale nasi.

Basi, mpendwa, leo kabla ya magharibi mpigie simu mtu huyo mliyekosana. Usianze na kesi. Msalimie, muulize wameamkaje, watoto hawajambo, kisha umsikilize.