Herufi Isiyoitwa

Neno la Kifaransa saint, yaani mtakatifu, lina herufi tano, lakini sikio hupata s na irabu moja tu inayopitia puani. T ya mwisho imenyamaza. Saint Paul, kimya. Saint Michel, kimya. Kisha mtu anataja Saint-Esprit, Roho Mtakatifu, na t inasikika waziwazi: se-tes-pri. Irabu ya neno la pili imeiita. Ilipoitika haikubaki kwao. Imehamia kwa jirani na kumfungulia silabi yake ya kwanza.

Wafaransa huita kuungana huku liaison. Les amis, marafiki, hutamkwa le-za-mi, na ile z ni s ya les iliyovuka mpaka. Karatasini kila neno limekaa peke yake. Mdomoni silabi hupenda kuishia kwa irabu, basi konsonanti husogea mbele. Hata mkazo haumilikiwi na neno. Sisi kila neno letu hubeba wake, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao neno likifuatwa na mwenzake huuachia mkazo, nao hutua mwishoni mwa kifungu. Naliona hilo kuwa jambo zuri sana, neno kukubali kupungukiwa ili usemi upite.

Ipo pia ile e hafifu ya samedi, Jumamosi. Katika maongezi humezwa, zikabaki silabi mbili, sam-di. Katika ushairi wao wa kale, wenye mistari ya silabi 12, e ya namna hiyo huhesabiwa kikamilifu.

Ila ninayoifikiria zaidi ni p ya temps, wakati. S yake huweza kuamka, kama katika de temps en temps, mara moja moja. P haiamki kamwe. Hakuna irabu inayoiita. Na si kwamba ilisahauliwa pale tangu zamani. Katika Kifaransa cha kale watu waliandika tens, bila p. Waandishi waliokumbuka tempus ya Kilatini ndio walioirudisha, wakijua fika kwamba haitamkwi. Waliiandika kwa sababu ya asili ya neno, na mikono inaiandika hadi leo.

Ninaposali nataja majina ya marehemu wetu. Hakuna anayeitika, wala sisali ili waitike. Nayataja jina kwa jina, katikati ya majina ya walio hai, kwa sababu ni wa ukoo huu.