Njia Ile Ile ya Unguja

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya Unguja imekuwa jepesi kwa familia na kwaya zetu. Asubuhi tuko huku kwenye vumbi na mibuyu. Jioni, baada ya boti ya takriban saa mbili kutoka Dar es Salaam, tunakula pweza Forodhani, katika mji ambao minara ya misikiti na ya makanisa inatazamana. Tunamshukuru Mungu kwa bahari ile. Waumini wanaodhani kufurahia uzuri ni anasa wamemfanya Muumba kuwa mchoyo.

Lakini je, ni halali kufurahia mahali bila kuuliza pamegharimu jasho la nani? Kanisa la Mkunazini, ambalo Askofu Steere alilisimamia hadi likasimama, liko penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Madhabahu imewekwa pale inaposemekana palikuwa na nguzo ya kuwachapia watu viboko. Wangeweza kupafukia tu. Hata karafuu tunazorudi nazo mikobani, katika karne ya 19 zilichumwa kwa mikono ya watumwa.

Wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa kupitia Kilwa. Wengine walipita hapa hapa. Misafara ya kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilikatiza Ugogo, nchi kame, na watemi walitoza hongo ya vitambaa na shanga ndipo msafara upite na kuteka maji. Hatusemi wazee wetu walikuwa waovu kuliko wengine; hongo ilikuwa ushuru wa nchi yao, na mwenye kuijua njaa hulinda kisima chake. Lakini katika mfano wa Msamaria, kuhani na Mlawi ndio waliopita. Huku kwetu aliyepita ni majeruhi mwenyewe, na minyororo shingoni, na maji yalikuwa na bei.

Kwa hiyo tukiingia Mkunazini tusisikilize kama wageni wanaosimuliwa habari za Waarabu na watu wa pwani. Viongozi wa safari watenge nusu siku pale kabla ya ufukwe wa Nungwi. Na watoto waelezwe mapema, ndani ya treni, kwamba reli hii kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Watauliza mengi, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam kuna zaidi ya saa tatu za kuwajibu.