Tenda Wema, Nenda Zako

Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi hutueleza upesi kwamba mtu mwema hangoji shukrani. Ni nadra kuwauliza swali la pili: je, aliyetendewa wema naye aende zake?

Swali hilo lina uzito mjini Kigali. Vita vilianza nchini Rwanda mwezi Oktoba 1990. Mwaka 1992, vikiwa bado vinaendelea, vyama vya wanawake viliungana vikajiita Pro-Femmes Twese Hamwe. "Twese hamwe" kwa Kinyarwanda ni "sote pamoja", na sikio la Mswahili lautambua undugu wa maneno hayo. Kisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, yaliacha wajane na mayatima wengi mno. Januari 1995 wajane 50 waliunda chama cha AVEGA Agahozo ili wafarijiane na kusaidiana. Wanawake wengi, ingawa nao walikuwa wafiwa, waliwachukua watoto wasiowazaa wakawalea bila ujira.

Walisifiwa, na sifa waliistahili. Lakini sifa hailimwi. Kwa desturi, ardhi ilirithiwa na wanaume: binti hakupata shamba la babake, na mjane aliweza kuondolewa na ndugu za marehemu mumewe. Basi mlezi wa mayatima aliweza kukosa hata pa kupanda maharage. Ndipo vyama vya wanawake vikapigania sheria ya urithi, iliyotungwa mwaka 1999, ambayo iliwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa.

Wako wasemao kwamba kudai haki huitia hisani doa. Sisi hatuoni hivyo. Wanawake hao hawakudai bei ya uji waliowanywesha mayatima. Walidai kilichokuwa haki yao hata kama wasingalimpa mtu uji. Hisani ni zawadi, haki ni deni, wala deni halilipwi kwa makofi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu waifundishe methali hii kwa ukamilifu wake. Yamwambia mtenda asidai. Haijamwambia mtendewa asahau.