Maji ya Kangaga

Je, ni haki kumwagilia mmea usioliwa wakati jirani ananunua maji kwa dumu? Swali hili halimo katika mtaala wangu wa shahada ya uzamili ya falsafa, ingawa darasani tumejadili mengi yanayofanana nalo. Nimekutana nalo uani, Dar es Salaam, kwenye nyumba ninayopanga chumba. Mama mwenye nyumba ana vyungu 12 vya makangaga chini ya mwembe, na zamu ya kumwagilia mara nyingi huniangukia mimi.

Kangaga halitoi ua, halizai tunda, na hapa kwetu halipikwi. Jani lake changa huchomoza likiwa limejikunja kama jongoo aliyeguswa, kisha hujikunjua taratibu. Chini ya majani yaliyokomaa kuna vidoa vya kahawia ambavyo wageni hudhani ni ugonjwa, na wengine hutaka kuvikwangua. Ndani ya vidoa hivyo mna vumbi la uzazi. Vumbi hilo likiangukia mahali penye unyevu, huota kijani kidogo chenye umbo la moyo, kisichofikia ukubwa wa ukucha. Hapo chembe ya kiume huogelea katika maji mpaka ilifikie yai. Maji yasipokuwepo, hata kama ni utando mwembamba tu, hakuna kangaga jipya. Mimea ya jamii hii imeishi hivyo kwa zaidi ya miaka milioni 350, tangu kabla dunia haijaona ua lolote.

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Mwembe ulivumilia. Makangaga yalianza kukauka ncha za majani ndani ya siku chache. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, aliniona na kopo mkononi akasema, "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao wageni wenu wameshika jembe lini?" Alicheka, lakini mkononi alikuwa na dumu tupu.

Jibu rahisi ni kwamba maji yale yalikuwa ya kuoshea mchele. Ni kweli, na kangaga huyafurahia. Ila jibu hilo linalikwepa swali. Kuna siku wali haukupikwa, na maji yaliyokuwepo yalikuwa safi, kwenye pipa. Siku hizo jirani alijaziwa dumu lake kwanza, na Mama hakulijadili hilo. Binadamu mwenye kiu hapimwi kwenye mzani mmoja na jani. Swali langu linaanza baada ya hapo: kikibaki kikombe kimoja ambacho hakuna anayekihitaji sana, je, kangaga lina dai lolote juu yake, au tunajifurahisha tu?

Wengi wangesema halina, kwa kuwa halihisi maumivu. Nakubali kwamba hakuna ushahidi wa kunifanya niamini kuwa kangaga huumia kama mbuzi anavyoumia. Lakini dai linaweza kutoka kwingine. Kangaga la msitu wa Usambara halinidai maji. Lina ukungu, kivuli na majani yanayooza chini yake. Likikauka, mimi sikuliahidi kitu. Hili la kwenye chungu limetengwa na vyote hivyo. Mvua inayolowesha bustani hailifikii vizuri chini ya mwembe, na mizizi yake haiwezi kutoka kutafuta unyevu. Sisi ndio tuliofunga kila njia nyingine, tukabaki sisi wenyewe. Anayefunga njia zote za kiumbe hai isipokuwa mkono wake, basi mkono huo una deni.

Ndiyo maana naogopa mapenzi ya mimea yasiyofikiria deni. Katika karne ya 19, Waingereza walishikwa na wazimu wa makangaga. Daktari wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba kangaga linaweza kustawi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, hata katika jiji lenye moshi. Mwaka 1855 mwandishi Charles Kingsley aliupa wazimu huo jina. Watu waliyapenda makangaga kwelikweli, na kwa mapenzi hayo wakayang'oa porini hadi baadhi ya aina zikaadimika. Hawakukosa hisia. Walidhani kupenda kunatosha, na hawakujiuliza kitakachoupata mmea ukishafika nyumbani.

Kwa hiyo nadhani neno "faida" lilitupotosha, mimi na jirani. Yeye aliuliza kangaga linatufaa nini. Swali lililotangulia ni je, tuliahidi nini tulipolipanda? Ahadi haifutiki kwa sababu aliyeahidiwa hana jembe. Lakini pia ahadi ina bei, na asiyeweza kuilipa kiangazi asiitoe wakati wa masika. Kutokuwa na kangaga kunaweza kuwa namna ya kulitendea haki.

Julai nitamaliza masomo na kuhama. Mama ameniambia nichague chungu kimoja. Anajua kukata shina linalotambaa ardhini na kuligawa bila kuua upande wowote, kwa hiyo yeye hatapungukiwa. Nimemshukuru. Nimemwomba chungu kikae kwanza hapohapo chini ya mwembe, mpaka nitakapojua chumba changu kipya kina dirisha upande gani, na maji yanatoka siku zipi.