Kuusingizia Upepo

Huko Bisley, Uingereza, walenga shabaha hulala kifudifudi na kupiga ubao ulio umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914. Risasi huchukua kama sekunde moja na nusu kufika. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao sisi tungeushukuru kwa kutukausha jasho, huweza kuisukuma zaidi ya mita 2, na duara la alama za juu halifiki upana wa mita 1. Kwa hiyo anayetaka kupiga katikati hana budi kulenga pembeni. Hutazama bendera zilizosimikwa uwanjani, hutazama kwa darubini jinsi hewa ya joto inavyotiririka, ndipo afyatue.

Akikosa, aseme ni upepo? Nadhani hana haki hiyo. Kuusoma upepo ndiyo kazi aliyoijia. Lakini vipi bendera zikigeuka risasi ikiwa tayari hewani?

Kwangu mimi hili si swali la michezo. Likizo iliyopita nilichoma magugu shambani kwetu. Upepo ukageuka, moto ukavuka mpaka na kuunguza migomba 14 ya jirani. Nikamwambia, "Mzee, ni upepo." Akaniuliza, bila kupaza sauti, kama kabla ya kuwasha kiberiti nilitazama majani ya migomba yanapepea kuelekea wapi. Sikuwa nimetazama.

Mwanafalsafa Thomas Nagel, akiandika kuhusu bahati katika maadili, alitoa mfano wa dereva asiyekagua breki zake. Mtoto akitokea barabarani, dereva huyo ni muuaji. Asipotokea, ni mzembe tu, na pengine hakuna atakayejua. Uzembe ni ule ule. Wengine hujibu kwamba basi tuhukumu nia peke yake, tusiangalie matokeo. Jibu hilo ni rahisi mno kwa mtu ambaye migomba iliyoungua si yake. Mimi naona deni la migomba lilikuwa langu peke yangu, ila lawama ya kutotazama ingepaswa kumfikia kila asiyetazama.

Nililipa machipukizi 14 na siku mbili za kupalilia. Kaka yangu alichoma upande wa bondeni asubuhi ile ile, naye hakutazama hata jani moja. Moto wake ulizimika wenyewe. Jioni mama alimpakulia chakula kama kawaida. Mimi akaniambia niende kwanza kwa jirani.