Jina Moja Juu ya Nota

Mwaka 1800, huko Leipzig, kampuni ya Breitkopf & Härtel ilichapa nota za Misa ya Wafu, ile Requiem ambayo wengi wetu tumeisikia kwenye filamu ya Amadeus. Mtunzi aliyetajwa ni mmoja tu: Mozart. Je, hilo jina moja ni uongo?

Tuanze na mteja. Kabaila mmoja wa Austria, Franz von Walsegg, alifiwa na mkewe Februari 1791. Akaagiza misa kwa siri, kupitia mtu wa kati, ili ainakili kwa mkono wake na kuiita yake. Huyu sina la kumtetea.

Halafu Mozart akafa, tarehe 5 Desemba 1791, kazi haijaisha. Sehemu iitwayo Lacrimosa aliiacha kwenye kipimo cha nane. Mjane wake, Constanze, akabaki na watoto wawili, madeni, na malipo ambayo yasingekamilika bila misa kamili. Mwishowe kazi ikamfikia Franz Xaver Süssmayr, kijana aliyemsaidia Mozart. Akaimalizia kwa mwandiko unaofanana na wa marehemu, na juu ikawekwa sahihi ya Mozart, mwaka 1792. Eti maiti anatia sahihi! Mimi hapo hucheka kwanza, kisha nanyamaza. Uongo wa Constanze ulikuwa wa kulisha watoto, tena aliyedanganywa alikuwa mwenyewe anajiandaa kudanganya. Namsamehe, ingawa si kazi yangu kusamehe.

Mchapishaji je? Februari 1800 Süssmayr aliwaandikia waziwazi kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei amezitunga yeye. Kitabu kikatoka bila jina lake. Barua yake ikaja kuchapwa mwaka uliofuata, kwenye gazeti la muziki la kampuni hiyohiyo. Sasa hapa hakuna mtoto mwenye njaa. Kuna duka, na jina linalouza.

Mtu ataniambia: aliyefiwa akiimbiwa Agnus Dei anafarijika vilevile, liwe la Mozart au la Süssmayr. Ni kweli, na hoja hii hunisumbua. Lakini kama jina halina maana kwa msikilizaji, mbona walihakikisha la Mozart lipo? Wengine husema Süssmayr mwenyewe alikuwa mnyenyekevu: mwisho wa misa hakutunga kipya, alirudia muziki wa mwanzo wa bwana wake. Sawa. Ila unyenyekevu wa mtu si ruhusa ya kumfuta.

Mwaka 1827 mchapishaji mwingine, Johann André, alitoa nota hizo upya, ndani yake ametia alama: M kwa Mozart, S kwa Süssmayr. Herufi moja tu, haikuhitaji hata wino mwingi. Süssmayr alikuwa amekufa tangu 1803, akiwa na miaka 37.