Umbo

Neno "umbo" lina makao mawili. Mwalimu wa jometri hulitumia kwa pembetatu, mraba na duara. Mwalimu wa lugha hulitumia anapochambua neno, na elimu hiyo huiita mofolojia. Nimejiuliza mara nyingi kama wanasema jambo moja.

Katika jometri umbo ndilo libakilo. Chora pembetatu kwa kijiti katika mchanga wa ziwa hapa Murangi, kisha chora nyingine kwa chaki ubaoni. Ukubwa utatofautiana, lakini pembe zake tatu zikijumlishwa ni nyuzi 180 tu. Katika lugha mambo ni kinyume: umbo ndilo libadilikalo, na mzizi ndio ubakio. Waswahili husema Mjita, Wajita, Kijita. Wenyewe husema Omujita, Abhajita, Echijita. Viambishi huja na kwenda, -jita imetulia.

Maana hizi mbili tungewaachia walimu, kama binadamu naye asingekuwa na umbo. Sisi humtazama mwenzetu kijometri: tukiona mguu mfupi au jicho lisiloona, twadhani tumekwisha kumjua. Kisha lugha hufuata. Mtu yumo katika ngeli ya M-WA, lakini tukamwita kilema, kipofu, kiwete, tukamvika kiambishi cha kiti na kisu. Ajabu ni kwamba sarufi yenyewe ilikataa kwenda nasi hadi mwisho. Twasema "kipofu amekuja", hatusemi "kimekuja". Kitenzi kilimkumbuka mtu ambaye nomino ilimsahau.

Mtu ataniambia kwamba kiongozi na kijana nao huanza na ki-, wala hawaoni kuwa wametukanwa. Ni kweli, kiambishi peke yake hakina dhambi. Dhambi imo katika kumwita mtu kwa upungufu wake na kuyaacha mengine yote aliyo nayo: jina, kazi, watoto, ucheshi. Tanzania ilipotunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, "watu" walitangulia, ulemavu ukafuata. Wapo wasemao hayo ni maneno tu. Lakini anayeitwa husikia mpangilio huo kila siku, na mtoto anayesikiliza hujifunza kipi kitangulie.

Basi mbele ya binadamu afadhali tuwe wanasarufi kuliko wanajometri, tuutafute mzizi. Umbo limetokana na kuumba, na kazi hiyo si yetu. Iliyo yetu ni kutoumbua.